Vikombe Kumi na Viwili vya Sukari

Kwetu Kathiani mtu akifa, kabla hata mahali pa kaburi hapajachaguliwa, kamati huwa zimeshaundwa. Kuna kamati ya usafiri, kuna ya hema na viti, na kuna kamati ya chai, ambayo ndiyo pekee ninayoijua inayofanya kazi bila kukutana kwanza. Kwa miaka mingi mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa mama mmoja mfupi, mnene kiasi, aliyetembea akiwa ameinua kidevu kana kwamba anatafuta moshi. Watu walimwita Mwenyekiti. Walimwita hivyo sokoni, kanisani na hata kliniki, na kama alikuwa na jina jingine basi lilibaki kwenye kitambulisho.

Chai yenyewe, kwa asiyeijua, hupikwa yote pamoja. Maji, maziwa, majani na sukari huingia katika sufuria moja na kutoka pamoja. Mgeni haulizwi kama anataka sukari. Kumwuliza ni kama kumwuliza kama angependa kupewa kiti. Chai huja tamu, nawe huinywa tamu, na kabla hujafika nusu kuna mtu anakuongeza bila kukutazama usoni.

Mwenyekiti alipima sukari kwa kikombe cha bati cha rangi ya buluu, kilichobanduka rangi ukingoni mahali padogo kama punje ya maharagwe. Sufuria kubwa ilipokea vikombe kumi na viwili. Alivihesabu kwa Kikamba, kwa sauti, na wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha, hata kama alikuwa padri. Hakuonja. Alinusa tu, akasema, "Imeiva," na ikawa imeiva.

Mimi nilikuwa mtu wa vyombo. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Athi River, ambako kwa miaka tisa nilishona mifuko ya nyuma ya suruali katika kiwanda cha EPZ, cha nguo za kuuzwa ng'ambo. Sikushona suruali yote, mifuko ya nyuma tu. Niliporudi niliweka cherehani kwenye veranda yangu kando ya barabara, nikaanza kushona nguo nzima, kwanza kwa woga. Wiki hiyo hiyo Mwenyekiti alisimama mbele ya veranda akanitazama mikono.

"Fundi, uko na mikono mzuri. Kesho kuna matanga huko juu. Kuja na kisu yako."

Hakuna aliyewahi kuniajiri kwa maneno machache kuliko hayo, na hakuna aliyenifukuza mpaka leo.

Jambo la kwanza nililolijua juu yake ni kwamba yeye mwenyewe hakunywa ile chai. Alikuwa na flaski ndogo chini ya kiti chake, ndani yake chai ya rangi isiyo na kitu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu zamani. Alipikia kilima kizima kitu ambacho hakukiweka mdomoni, na wala hakuona ajabu yoyote. Nilipomwuliza kama hasikii tamaa, alinijibu kwamba mimi nilishona suruali za wazungu miaka tisa na bado nilivaa leso.

Kwa chakula alikuwa mkali na alikuwa mlegevu, kutegemea mwezi. Kuanzia Januari hadi Oktoba alikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, kunde na mboga, kwa kipimo, na alitembea kwenda kliniki kwa miguu ili daktari aone. Maembe yalipoiva, akili ile yote iliondoka. Nilimkuta siku moja ameketi nyuma ya nyumba na beseni katikati ya miguu, maji ya embe yakimtiririka hadi viwiko.

"Mwaitu," nikamwambia, kwa maana ndivyo tunavyowaita mama zetu wote, wa kuzaliwa na wa kupewa, "si hiyo ni sukari?"

"Hii ni embe."

"Embe iko na sukari."

"Sukari ni ile ya pakiti," akasema, akachukua jingine. Muuguzi wa kliniki aliniambia baadaye kwamba kila Desemba mama huyo huwa ni mgonjwa tofauti kabisa, na kwamba ameacha kubishana naye.

Lakini pakiti alizichukia kwa dhati. Tulipoteremka Machakos mjini kununua nyuzi zangu, alinivuta hadi supamaketi, si kununua bali kusoma. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma na yeye akashangaa, akitikisa kichwa. Alichukua chupa ya sosi ya nyanya akanipa.

"Soma hapo kwa maandishi ndogo. Wameandika nini?"

"Nyanya. Maji. Sukari."

"Sukari ya nini? Nyanya ilikosea wapi?"

Tukasoma mkate, una sukari. Siagi ya karanga, ina sukari. Maziwa lala ya rangi ya waridi yana sukari kuliko maziwa. Nafaka za watoto za asubuhi, zenye picha ya mnyama anayecheka, hizo nilisoma mara mbili kwa sababu hakuamini. Kila kilichomkasirisha alikirudisha rafuni akikigeuza mgongo, uso ukutani, kama mwanafunzi aliyekosa. Mlinzi alitufuata taratibu akivigeuza tena. Walifanya hivyo rafu nzima, bila kusemezana, na tulipotoka mlinzi alimuaga kwa heshima, "Haya mama, mpaka siku ingine."

Mumewe ndiye mtu niliyetaka kumfikia tangu nilipoanza kuandika, na naona nimezunguka vya kutosha.

Mzee alikuwa dereva wa lori la mchanga katika ujana wake. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha mtu aliyezoea kusema juu ya sauti ya injini. Naye alipatikana na sukari, miaka mingi baada ya mkewe. Siku ile ile Mwenyekiti aliacha kuweka sukari katika chai ya nyumbani kwake, moja kwa moja, bila kupunguza polepole. Kesho yake, saa nne asubuhi, mzee aliketi kwenye kiti cha wateja katika veranda yangu.

"Fundi," akasema, "kule kwangu wananipatia maji ya kusuuza sufuria. Wewe unakunywanga nini hapa?"

Nilikuwa nakunywa chai. Nikampa. Alitaka vijiko vitano, nikaweka vitano. Akaja kesho yake na kesho kutwa, na kwa miaka miwili saa nne ilikuwa yake. Alinisimulia habari za mito na askari wa barabarani, na nilicheka hadi nikakosea mishono. Kama ningekuwa sijui ugonjwa wake ningekuwa na la kujitetea. Nilijua. Kilima kizima kilijua. Lakini mzee wa umri ule ameketi kwenye veranda yako na anaomba chai, wewe utamwambia nini, na utamwambia kwa mdomo gani? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kila asubuhi niliteleka chai nikiwa na furaha, kwa sababu nilipenda kampuni yake.

Kidole cha mguu kilianza. Halafu wakakata mguu chini ya goti, na mzee akarudi nyumbani na mikongojo, akawa hawezi tena kuteremka hadi kwangu.

Watu wakaenda kumpa pole, nami nikaenda. Kwetu huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kitu cha kubeba kinajulikana na kila muuza duka, mpaka hukuwekea kabla hujafungua mdomo: mkate na sukari kilo mbili. Kwa hiyo mtu aliyekatwa mguu kwa ajili ya sukari alikaa kitandani akitazama meza iliyojaa pakiti za sukari, zimepangwa wima, mbili mbili. Ya kwangu ilikuwa ya tatu kutoka dirishani. Hakuna mgeni aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeona. Mwenyekiti alipokea kila moja kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka. Kuikataa sukari ya mtu ni kumkataa mwenyewe. Baadaye alizihamishia kabatini, na matanga yoyote yalipotokea kilimani alitoa mbili akapeleka. Nina hakika pakiti yangu ilinirudia mwaka uliofuata, mama yangu alipofariki, maana ilikuwa na ile pembe niliyoishona kwa uzi mwekundu ilipochanika njiani.

Mzee alikufa mwezi wa nane. Desturi ni kwamba mjane hukaa chini kwenye godoro, na wanawake wengine humpikia. Mwenyekiti alikaa siku mbili. Siku ya mazishi alisikia kutoka jikoni mtu akihesabu sukari hadi kumi na tatu. Akainuka, akafunga leso yake nyeusi vizuri, akatoka nje, akamnyang'anya yule mama kikombe.

Alipika chai ya kumzika mumewe mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeinamia beseni. Nilikuwa naosha kikombe kimoja, sijui kwa muda gani, na sikuwa nalia, nilikuwa naosha tu. Alikuja akasimama karibu yangu, akajifuta mikono, akasema bila kuulizwa na mtu:

"Kila mtu ako na mdomo wake."

Niliinua kichwa. Ilinikera sana. Niliona ni maneno baridi kwa mjane wa siku tatu, yanayomtupia marehemu lawama zote hata hajafunikwa udongo. Na tangu siku hiyo yakawa ndiyo maneno yake. Akija verandani kunipa kitambaa, atazungumza habari za mvua, halafu kabla hajaondoka, "Kila mtu ako na mdomo wake." Tukimenya viazi, hayo hayo. Tukitoka kanisani, hayo hayo. Nilikuwa na neno la kumwambia kuhusu saa nne, nililibeba kila siku, na kila nilipotaka kulitoa yeye alinitangulia na sentensi yake ile, nami nikalimeza. Nilimwona kama mtu anayehubiri, nami sijawahi kupenda kuhubiriwa na mtu aliyeshika mwiko.

Muda mfupi baada ya mazishi hayo niliona jambo. Nilikuwa naosha kikombe cha buluu, na kidole changu kikatafuta pale mahali palipobanduka, kisipaone. Kilikuwa kikombe kingine. Rangi ile ile, mkono ule ule, lakini kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza. Sikusema. Mwaka uliofuata kilikuja cha tatu, kidogo zaidi. Hesabu ilibaki kumi na viwili, kwa sauti, kwa Kikamba, na wanawake wote waliisikia na kuridhika.

Watu walihisi kitu, ila hawakujua ni nini. Walisema ni majani ya siku hizi. Walisema ni ng'ombe wa kisasa. Mzee mmoja alisema tangu barabara iwekwe lami hakuna kinachokolea tena. Na walikunywa, wakaongezwa, wakanywa.

Siku moja tulipokuwa wawili jikoni nilishindwa kujizuia.

"Mwaitu, si wewe husema kila mtu ako na mdomo wake?"

"Ndio."

"Na hii kikombe?"

Akakitazama, akanitazama. "Mdomo ni yao. Kikombe ni yangu."

Nilifikiri sana juu ya jibu hilo na sijapata pa kulishika. Mtu anayesema kila mmoja ajichunge mwenyewe alikuwa amewachukulia watu mia tatu uamuzi wao, bila kuwauliza, na kwa hila. Ukinibana niseme kama alifanya vizuri au vibaya, nitakuuliza kwanza kama umewahi kuona mguu ukiletwa nyumbani ukiwa haupo.

Aliyemfichua ni katibu wa kamati kuu ya mazishi, mwalimu mstaafu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikwenda kwake kuchukua sufuria, akakuta kuku wakilishwa mahindi kwa kikombe cha buluu kilichobanduka ukingoni. Alikitambua. Alikibeba, pamoja na cha pili kilichokuwa kando yake. Matanga yaliyofuata, baada ya maziko, watu wangali kwenye viti, aliweka vikombe vitatu mezani kwa mstari, kikubwa, cha kati na kile kidogo cha jikoni, akatulia ili watu waone wenyewe.

"Sukari tunanunua ile ile," akasema. "Sasa ile ingine inaendanga wapi?"

Ilikuwa ikibaki kwa waliofiwa. Mwenyekiti aliwaachia pakiti zilizosalia pamoja na majani, nao walizipokea wakidhani ni ukarimu wa kamati. Karibu nusu ya watu waliokuwa chini ya hema lile walikuwa wamezipokea. Hakuna aliyefungua mdomo. Mtu wa nyuma alisema neno "mwizi," si kwa sauti kubwa, lakini lilifika mbele.

Nilisimama. Nilitaka kusema nilichokijua: kwamba hakubeba hata kijiko, na kwamba alipunguza kwa sababu ya mumewe. Lakini wangeniuliza mumewe alikuwaje, na nyumbani kwake sukari si ilikoma siku ile ile, basi aliipata wapi? Nikaona ile saa nne yangu inakuja mbele ya watu wote. Nikavuta kiti changu kidogo, kama mtu aliyesimama kwa ajili ya jua, nikakaa. Niliona aibu, na aibu hiyo bado ninayo.

Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Halafu akamgeukia katibu, akachukua kikombe kile kidogo na kumwekea mkononi.

"Kila mtu ako na mdomo wake," akasema. "Pika wewe."

Katibu hakujua hata moto unawashwa upande gani. Wanawake walicheka, na kwa kicheko hicho mambo yakaisha kwetu kama yanavyoishaga, bila mtu kuomba msamaha. Kamati ilipewa mama mwingine, mtu mwema, anayepika chai inayoshika midomo ikabandikana. Watu walifurahi wakasema majani yamerudi kuwa mazuri. Mwenyekiti aliendelea kuja matangani na flaski yake. Sasa alikaa na waombolezaji kwenye hema kwa mara ya kwanza maishani, na ikaonekana kwamba nyimbo za mazishi hakuzijua hata moja, kwa sababu miaka yote hiyo zilipoimbwa alikuwa jikoni.

Mwaka huu nilikwenda kliniki kwa sababu nilikuwa nikiamka kukojoa mara nne. Muuguzi alinichoma kidole, akatazama kile kimashine, akakipangusa, akanichoma kingine. Halafu akanisomea nambari mara mbili, polepole. Mtu wa kwanza niliyemfikiria hakuwa mwanangu.

Nilipitia dukani, kisha nikaenda kwa Mwenyekiti moja kwa moja. Nilipofika mlangoni ndipo nilipoona nilichobeba. Mwenye duka alikuwa ameniwekea, nami nilikuwa nimelipa na kushukuru.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha. Macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu. Alinyoosha mikono yote miwili, akapima pakiti kwa viganja.

"Kilo mbili?"

"Kilo mbili, Mwaitu."

"Asante, fundi. Weka na zingine."

Niliweka kabatini na zingine. Zilikuwa nyingi. Halafu nikamimina chai kutoka flaski, vikombe viwili, nikakaa, na nikaamua kwamba safari hii nitamtangulia.

"Mzee alikuwa anakuja kwangu saa nne."

"Najua."

"Nilikuwa namwekea sukari."

"Vijiko tano," akasema. "Alikuwa anapanda hii kilima akiimba. Hapa kwangu hakuimbanga tena."

Nilikuwa nimebeba mzigo huo miaka yote hiyo, na mwenyewe alikuwa akijua hata idadi ya vijiko.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ulimwekea miaka mbili. Mimi nilimwekea thelathini na moja. Na yake nilikuwa naonja kwanza." Akageuza kikombe mkononi. "Ile maneno ya mdomo. Nilikuwa nasema sana, ama?"

"Sana, Mwaitu. Ilikuwa inanichosha."

"Ile siku ya kumzika, uliosha kikombe moja mpaka nikasema itatoboka. Nikaona huyu atakufa na hii kitu. Nikakuambia hivyo, ukainua kichwa. Basi nikawa nakuambia kila saa uko karibu. Ulidhani naambia nani?"

Nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kusikia kwa mtu mwingine yeyote kwamba Mwenyekiti alimwambia maneno hayo. Nilipitia jikoni zote, matanga yote, njia ya kanisani. Hata siku ya katibu alikuwa amenitazama mimi kwanza. Nikalia, kwa sauti, mtu mzima mwenye miwani, na yeye akaniacha nimalize.

"Na yako imefika ngapi?" akauliza.

Sikuwa nimemwambia kwamba natoka kliniki. Nikamtajia nambari. Alitikisa kichwa kama alivyokuwa akifanya supamaketi.

Nilikunywa chai yake. Haikuwa na kitu ndani, na mikupuo ya kwanza ilikuwa migumu. Nilingoja aseme yale maneno yake, na safari hii nilitaka kuyasikia. Hakuyasema. Alipapasa mezani hadi alipoipata flaski, akaisukuma upande wangu, nami nikajiongezea mwenyewe.